Namba za Mgongo wa Fundi

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Dereva wa lori la mafuta anaondoka kesho alfajiri kuja huko kambini kwenu, kwa hiyo naandika haraka, na naandika nimesimama. Siku hizi nakula nimesimama, nakata vitambaa nimesimama. Juzi mteja kaniuliza kama nimeuza kiti changu. Nikamwambia kipo, ila tumegombana.

Najua huko mnakochonga barabara mtandao wa simu hakuna, na bora hivyo. Kwenye simu ungesikia ninavyohema. Kwenye barua nahema nikimaliza mstari.

Habari yenyewe ni hii: baada ya miezi minane ya kungoja, nimemwona daktari wa maumivu. Chumba chake kiko ghorofa ya pili, na nadhani ngazi zile ndizo kipimo cha kwanza, ukifika juu bila kulia wanajua huumwi. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anayekata kitambaa cha bei. Hapasui mtu. Anatumia sindano tu, huku akiitazama mifupa yako kwenye skrini. Kanieleza kwamba kila pingili ya uti wa mgongo ina viungo vidogo pembeni, na kila kiungo kina mshipa wa fahamu mwembamba unaopeleka habari ya maumivu kichwani. Miaka thelathini ya kuinamia cherehani huenda imevisaga viungo vyangu. Kwanza ataweka ganzi karibu na mishipa hiyo. Maumivu yakishuka zaidi ya nusu, anarudia mara ya pili apate uhakika, halafu ndipo anaingiza sindano ya joto na kuichoma hiyo mishipa. Inanyamaza mwaka mzima, pengine miwili. Unaingia asubuhi, mchana unatoka kwa miguu yako.

Baada ya ganzi unapewa karatasi. Kila saa, mara sita, unaandika namba. Sifuri maana yake huumwi, kumi maana yake unatamani ukuta ukuangukie yaishe. Leo mimi ni nane.

Nesi kanipa na fomu ya maswali. Umepungua uzito? Unatokwa jasho ukilala? Una homa za jioni? Umewahi kuishi na mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu? Nimejaza hapana zote. Mama mmoja aliyekaa karibu nami kwenye benchi, mgonjwa wa nyonga, kaninong'oneza kwamba ukijibu ndiyo hata moja wanakupeleka idara nyingine na foleni unaianza upya. Huyo ana mwaka wa tatu pale, anajua mambo. Kikohozi cha marehemu mume wangu, baba yake Pini, ni cha zamani, kilizikwa naye. Na uzito ni siri yangu na gauni langu. Nimelipunguza kiunoni mara mbili tangu Desemba, mpaka Pini ananitania eti natafuta mchumba.

Mimi nataka kitu kimoja tu, kukaa tena kwenye cherehani yangu. Nikikaa robo saa miguu inaanza kufa ganzi. Sare za shule zimerundikana, na mwanangu Pini unamjua, mkono wake ni wa vifungo, si wa suruali. Nisiposhona sijui mimi ni nani, ndugu yangu. Nakwambia wewe kwa sababu hapa nyumbani siwezi kulisema.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 13 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma juu ya greda, injini ikinguruma, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akadhani nimelewa. Hiyo ya kiti nimewasimulia wenzangu.

Sasa nisikilize, ingawa mimi ni mdogo. Nafasi hiyo usiiachie. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi kutoka ofisini na miguu imevimba kwa kuzunguka na mafaili ya watu? Bosi akimuuliza hali, anasema nzuri tu, bosi. Alitwambia anayekuuliza hali kazini anataka jibu fupi. Mimi nilipopimwa afya ili nipewe greda, daktari alinibonyeza kiuno, nikaona nyota mchana, nikamwambia niko sawa. Leo si nina kazi?

Kwa hiyo umejibu vizuri. Watu wa hospitali wakitaka kukutoa kwenye mstari hawakosi sababu. Wewe usiwape.

Mdogo wako,
Greda (ndivyo wanavyoniita huku, nimekubali)


Nyumbani, 27 Februari

Mdogo wangu,

Sindano ya ganzi nimechomwa juzi. Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo, wanakupaka dawa ya baridi mgongoni, halafu daktari anakwambia, "Mama, sasa utahisi mchomo kidogo." Ni kweli ulikuwa kidogo. Nimechomwa na sindano za cherehani vibaya zaidi ya hapo. Nilijiambia kumbe, ndiyo hii tu? Nikajua nimepona.

Sikupona. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu, nikaiweka juu ya meza ya kukatia, na kila saa ikigonga naandika kwa penseli. Nane. Nane. Saba. Nane. Nane. Nane. Hiyo saba ni saa ile Pini alipomwiga mteja wetu mnene anayedai suruali imesinyaa, nikacheka nikasahau. Yaani, mdogo wangu, haikugusa kitu. Ilikuwa kama kupiga hodi nyumba ya jirani.

Karatasi narudisha tarehe 20 Machi. Nesi alisema, "Kama huoni nafuu andika hivyo hivyo, daktari atatafuta kwingine." Nilivyomweleza yule mama wa nyonga, akatikisa kichwa. Anasema kutafuta kwingine ni lugha yao ya kukurudisha nyumbani kwa adabu. Yeye aliandika kweli, na mpaka leo yuko benchi.

Nimeogopa. Nikifeli karatasi hii, sitachomwa ile sindano ya joto, na hiyo ndiyo dawa yenyewe. Huko kambini mna tabibu wenu. Muulize nifanyeje, kisha uniambie. Sitafanya kitu mpaka nione barua yako.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 8 Machi

Dada,

Futa.

Nimemuuliza tabibu. Anasema jambo hilo ni la kawaida, wagonjwa wengi hufanya hivyo, kwa sababu ganzi ni ya majaribio na nguvu yake ni ndogo, wala haifanani na joto. Udongo ukiwa mgumu huumwagii maji ukasema haulainiki, unaleta greda. Sindano ya joto ndiyo greda.

Andika tatu, mbili, mbili, mbili, tatu, tatu. Usiandike sifuri, watakushuku. Na penseli ifute vizuri, wewe mkono wako ni mzito, ukiandika unachimba. Mara ya pili wakikuchoma, andika vile vile.

Sitaki kusikia umerudishwa nyumbani kwa adabu. Wewe ndiye uliyeniletea mimi uji shuleni nikiwa nimevunjika mguu, siku arobaini, mvua na jua. Siwezi kukaa huku nikikuona unakula umesimama kama punda.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Nilifuta kwa kifutio cha Pini, nikapuliza, nikaandika upya.

Daktari alivyoisoma karatasi alifurahi, mpaka nikaona haya. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniuliza, "Una uhakika, Mama? Hata kwenye kuinama?" Nikasema hata kwenye kuinama. Akaniomba niiname. Nikainama, nikagusa magoti, nikanyanyuka nikitabasamu. Sijui nilinyanyukaje. Nje nilimwambia Pini naenda chooni, nikakaa humo nimeng'ata leso mpaka miguu ikarudi.

Alitaka kunipima uzito, lakini mizani yao imeharibika, inasoma kilo sitini kwa kila anayepanda. Akatazama fomu yangu, akaona hapana, akaendelea.

Ganzi ya pili ni tarehe 3 Aprili, ya joto ni 24. Mshukuru tabibu wenu. Najisikia kama mwizi aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba, lakini potelea mbali, mlango umefunguka.

Dada yako,
Fundi


Nyumbani, 2 Mei

Mdogo wangu,

Imekwisha. Nimechomwa pande zote mbili, pingili tatu. Mashine inalia kidogo kama mbu, wanakuuliza kama unahisi mguu unacheza, halafu kimya. Mchana ule ule nilikuwa nyumbani.

Hali yangu nzuri. Nimekaa kwenye cherehani na nimeshona mashati manne. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo, nesi alisema ganzi inaweza kubaki siku mbili tatu, basi najua itaondoka. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako.

Barua fupi kwa sababu nina sare za watu.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 12 Mei

Fundi wa mafundi,

Nimeisoma barua yako kwa sauti wakati wa chakula, watu wakapiga meza. Mashati manne! Nilikwambia nini? Sasa nishonee na mimi suruali ya kazi, kiuno unakijua, ongeza inchi mbili za uzee. Nimelala vizuri wiki hii kuliko mwaka mzima.

Mdogo wako mwenye akili,
Greda


Hospitali, 29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi, Pini. Mama hajui kama nakuandikia.

Mama alinisomea barua yako ya mashati manne. Hayo nilishona mimi. Mama alikaa kwenye cherehani siku moja, dakika kumi, nikambeba kumtoa. Mguu wa kushoto haukupona siku za ganzi zilipopita, ulizidi kuburuta. Nikimwambia turudi hospitali anasema nesi kasema asubiri. Tarehe 15 alianguka akienda kuoga. Tarehe 17 mguu wa pili ukamfuata, na mkojo ukawa unatoka bila yeye kujua. Alikuwa anajiburuta kuficha shuka, Mjomba. Nilizikuta nyuma ya marobota ya vitambaa.

Nilimbeba kwa mkokoteni wa jirani mpaka kituo cha basi, na kutoka hapo hadi hapa. Wamempiga ile picha ya mashine kubwa. Ni kifua kikuu, lakini cha mifupa. Kimekula pingili mbili, juu kidogo ya pale alipochomwa, usaha umebana uti wa mgongo. Wamempasua kuutoa. Ugonjwa wenyewe utapona kwa vidonge, mwaka mzima. Miguu, daktari wa upasuaji anasema, ilikaa imekufa ganzi siku nyingi mno. Alivyofunga faili nilielewa hatatembea tena.

Daktari wa maumivu alishuka wodini mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda na ile karatasi ya Februari mkononi. Akaniambia, "Sindano ile ya kwanza haikuwa dawa. Nilikuwa nauliza kama maumivu yanatoka kwenye vile viungo vidogo. Angeandika nane ningejua hayatoki pale, ningetafuta kwingine siku ile ile, na vidonge angeanza Machi, bado anatembea." Alisema na yeye ana kosa, aliiamini fomu na hakutafuta mizani nyingine. Kisha akainua karatasi kwenye dirisha. Ukiiweka kwenye mwanga, nane zinaonekana chini ya mbili, Mama mkono wake ni mzito.

Akamuuliza Mama kwa upole nani alimshauri. Mama akasema, "Mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya kushona." Daktari akauliza tena. Mama akasema mwenyewe.

Mimi sielewi. Mama hawezi hata kumdanganya mteja kwamba suruali iko tayari. Je, wewe alikwambia lolote?

Mpwa wako,
Pini


Kambini, 6 Juni

Pini mwanangu,

Marahaba. Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara nne na kila mara nilikuwa natafuta njia ya kuliweka vizuri. Halina njia. Mama yako aliandika ukweli, nane tupu, akaniuliza afanye nini, na mimi nikamwambia afute. Hata zile namba za uongo nilimtajia mimi moja moja.

Kuna baya zaidi. Nilimwambia nimemuuliza tabibu wa kambi. Sikumuuliza. Nilikwenda kwenye hema lake, nikakuta watu watano nje wanangoja, na lori lilikuwa linataka kuondoka na barua. Sikutaka kusimama foleni. Nikarudi nikaandika kwamba nimemuuliza, kwa sababu nilijua bila kulitaja jina la tabibu Dada asingefuta. Jana nilikwenda kumuuliza, miezi mitatu baadaye. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia angesema kitu kimoja tu: mwambie aandike kweli. Nilimkuta peke yake, Pini. Haikuchukua hata dakika tatu.

Nilidhani ule ni mtihani na mimi namvusha. Najichukia. Sijui niseme nini kingine. Nataka kuja nimpigie magoti.

Mjomba wako


Hospitali, 7 Juni

Mdogo wangu,

Naandika nimelala, usishangae herufi. Najua Pini amekuandikia, mtoto huyu hajui kuficha kitu, uso wake kama dirisha.

Usilitie moyoni. Ulinishauri kwa mapenzi, na kalamu niliishika mimi. Mwambie na tabibu wenu asijilaumu, angejuaje naye hajaniona. Hapa nimesema ni mimi mwenyewe, na itabaki hivyo. Pini hajui, wala hatajua. Nikifa leo atabaki na wewe tu, sitaki abaki na mjomba asiyeweza kumtazama.

Mgongo umepungua sana baada ya upasuaji. Miguu haiumi kabisa. Nesi ananisifu kwamba mimi ndiye mgonjwa asiyesumbua.

Cherehani nimemwambia Pini aifunike, vumbi lisiingie.

Dada yako


Hospitali, 20 Juni

Mjomba,

Barua yako niliisoma koridoni. Nusura niichane kwa hasira.

Nilikuwa najua. Siku tatu baada ya kukuandikia nilikwenda nyumbani kuchukua kanga za Mama, nikaikuta barua yako ya Machi ndani ya kopo la vifungo, ile inayoanza na futa. Nikangoja nione kama utasema. Umesema. Hilo nimeliona. Lile la tabibu sikulijua, na bado sijui nilifanyie nini. Mama hatalijua, kwa sababu anamwombea huyo tabibu kila asubuhi.

Yeye hajui kwamba najua. Ananieleza tena na tena alivyojitungia zile namba, na kila mara anaongeza kitu, eti alikuwa ana usingizi, eti miwani ilipotea. Namsikiliza, naitikia. Nimechoka kuitikia.

Mimi sijakusamehe. Usiniulize lini, sijui. Lakini Mama, ukifika, usimwombe msamaha na usimpigie magoti. Atakusamehe kabla hujamaliza kusema, atakucheka, atakwambia mbona umekonda, halafu wewe utapanda lori urudi huko mwepesi, na mimi nitabaki naye akigeukia ukuta. Sitaki urudi mwepesi. Sitaki urudi huko kabisa mpaka nimeweza kulala.

Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo anaota vidonda. Nesi ni mmoja kwa wagonjwa thelathini. Wiki iliyopita chupa ya maji ya moto ilimbabua kisigino akiwa anapiga soga na mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakuhisi, niliona mimi nilipofunua shuka. Namgeuza peke yangu, na nikikosea namkunja mgongo pale walipopasua, na hasemi kama nimemuumiza. Nimemsihi aseme. Anasema, "Endelea tu, mwanangu."

Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja mabegani na mmoja nyongani, mnahesabu pamoja kisha mnamgeuza. Njoo na lori la Jumapili, omba ruhusa au acha kazi, utajua mwenyewe. Lete nguo za kazi. Wewe utashika mabega, kwa sababu ndiko uso wake uliko, na nataka umtazame usoni kila mara tunapomgeuza ujifunze, kama ninavyojifunza mimi, kuona anaumia wakati anasema haumii.

Pini